Gari la Familia Ndabibi: Litunze Likutunze

Kwa familia nyingi za Ndabibi, gari la nyumbani halikununuliwa kwa starehe. Ndilo linalopeleka viazi na maziwa sokoni, ndilo linalofikisha watoto shuleni barabara ikiwa tope, na usiku wa manane ndilo linalomkimbiza mama mjamzito hospitalini Naivasha. Likikataa kuwaka siku hiyo, au breki zikikosa kushika kwenye mteremko, hasara haiishii kwenye pesa za fundi.

Mengi ya magari haya yalikuja nchini kutoka Japani yakiwa yameshatumika. Kiwango cha Kenya nambari KS 1515 hakiruhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane, kwa hiyo gari linapomfikia mkulima wa Ndabibi mara nyingi limepita mikono kadhaa. Tena linafika mahali tofauti kabisa na lilikotengenezewa. Udongo wetu ni wa jivu la volkano, laini kama unga wakati wa kiangazi na utelezi mtupu wakati wa mvua. Ziwa Naivasha lenyewe liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na Ndabibi iko juu ya hapo. Mwinuko huo unabadilisha hata kiwango cha joto ambacho maji huchemkia.

Makala haya yanaeleza mambo ambayo mwenye gari anaweza kuyafanya mwenyewe, yale anayopaswa kumwachia fundi, na namna ya kuendesha katika barabara zetu ili kila aliyepanda ashuke salama.

Dakika kumi kila wiki

Chagua siku moja ya wiki, asubuhi kabla ya kuwasha injini, gari likiwa mahali tambarare. Fungua boneti uangalie haya:

Oili ya injini. Chomoa kijiti cha kupimia, kipanguse kwa kitambaa safi, kirudishe hadi mwisho, kisha ukichomoe tena. Oili inapaswa kuwa kati ya alama mbili. Ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza kidogo kidogo huku ukipima, maana kuzidisha pia huharibu. Oili kuwa nyeusi si ishara ya hatari peke yake. Hatari ni oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Hiyo ina maana kwamba maji yameingia ndani ya injini, mara nyingi kwa sababu gasketi ya silinda hedi imekatika. Usiendeshe gari hilo; mwite fundi.

Maji ya rejeta. Angalia chupa ya akiba iliyo kando ya rejeta. Maji yawe kati ya alama ya chini na ya juu.

Mafuta ya breki. Chupa yake iko karibu na kioo cha mbele, upande wa dereva. Mafuta haya hayaishi kama petroli. Yakipungua, ama pedi za breki zimelika, ama kuna mahali yanavuja. Ukiongeza tu bila kutafuta sababu, umeficha ugonjwa.

Betri. Vichwa vyake viwe vimekazwa na visiwe na unga mweupe au wa kijani. Unga huo huzuia umeme kupita. Usafishe kwa maji ya vuguvugu yaliyochanganywa na magadi au baking soda, injini ikiwa imezimwa, kisha ukaushe.

Taa na wipa. Mwombe mtu asimame nyuma ya gari ukikanyaga breki, kisha mbele ukiwasha taa na indiketa. Mpira wa wipa uliokauka kwa jua utakuacha huoni kitu mvua ya kwanza itakaponyesha.

Mwisho, tazama ardhi pale gari lilipolala. Tandaza katoni chini yake usiku ukiwa na shaka. Tone jeusi au la hudhurungi ni oili, tone la kijani, jekundu au la waridi huenda ni maji ya rejeta, na maji safi yasiyo na rangi kwa kawaida ni ya kipoza hewa, nayo hayana neno.

Kwa nini magari huchemka kwetu

Mombasa, maji huchemka yakifika nyuzi 100 za Selsiasi. Katika mwinuko wetu huchemka yakiwa kwenye nyuzi 94 hivi, kwa sababu hewa huku juu ni nyepesi. Injini nyingi hufanya kazi kwenye joto la nyuzi 90 hivi. Kama rejeta ingekuwa sufuria ya wazi, maji yangekuwa karibu kuchemka muda wote.

Kinachoyazuia ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko hicho kina springi inayoshikilia mgandamizo ndani, na mgandamizo huo hupandisha kiwango cha kuchemka kwa zaidi ya nyuzi 20. Mpira wake ukikatika au springi ikilegea, kinga hiyo hupotea, na gari huanza kuchemka kwenye kila mlima. Kabla ya kukubali kununua rejeta nyingine, badilisha kwanza kifuniko. Ni spea ya bei nafuu. Hakikisha kina nambari ya mgandamizo ile ile iliyoandikwa kwenye cha zamani.

Jambo la pili ni maji yenyewe. Maji mengi ya visima katika Bonde la Ufa yana madini. Yakipashwa moto kila siku huacha magamba ndani ya mirija ya rejeta, kama yale unayoyaona ndani ya birika la chai. Magamba yakizidi, maji hayapiti. Tumia kulanti iliyochanganywa tayari kama inavyoelekezwa kwenye kitabu cha gari. Kulanti huzuia pia kutu. Ukilazimika kutumia maji matupu barabarani, maji safi ya mvua ni afadhali kuliko ya kisima, na ukifika nyumbani panga siku ya kuyamwaga na kuweka kulanti.

Mshale wa joto ukipanda ukiwa safarini, zima kipoza hewa, washa hita ya ndani hadi mwisho ili ikusaidie kutoa joto kwenye injini, kisha utafute mahali salama pa kuegesha. Zima injini. Usifungue kifuniko cha rejeta. Maji yaliyo chini ya mgandamizo huruka kama mvuke na yamewachoma watu wengi usoni na mikononi. Subiri angalau nusu saa, hadi uweze kuishika hosi ya juu ya rejeta bila kuungua. Usimwage maji baridi kwenye injini ya moto, kwa kuwa chuma kinaweza kupasuka.

Vumbi la kiangazi

Injini hupumua. Hewa yake hupita kwenye chujio la karatasi lililo ndani ya kisanduku cheusi karibu na injini. Katika barabara za vumbi kati ya Ndabibi, Maiella na Kongoni, chujio hilo hujaa upesi kuliko kitabu cha gari kinavyosema, maana kitabu kiliandikwa kwa mtu anayeendesha kwenye lami. Chujio likijaa, gari hukosa nguvu na kunywa petroli zaidi. Likitoboka, vumbi la volkano huingia kwenye silinda na kusaga chuma kama msasa.

Wakati wa kiangazi litoe kila wiki mbili. Ligonge taratibu chini ili vumbi lidondoke, au lipulizwe kwa hewa kutoka upande wa ndani kwenda nje. Usilioshe kwa maji wala petroli. Linyanyue kuelekea jua: usipoona mwanga ukipenya, nunua jipya.

Vumbi hilo hilo linafupisha maisha ya oili. Kama fundi amekuwekea oili ya kawaida ya kilomita 5,000, usivushe. Badilisha na chujio la oili pamoja nayo, kwa sababu oili mpya ikipita kwenye chujio chafu huchafuka siku hiyo hiyo.

Tairi: soma kilichoandikwa

Fungua mlango wa dereva utazame kwenye nguzo. Utaona kibandiko kinachoeleza upepo wa kila tairi. Katika magari ya Japani vipimo huandikwa kwa kPa, ilhali mashine za vituo vyetu vya petroli husomwa kwa PSI. Gawanya namba ya kibandiko kwa 7, utakuwa karibu sana na jibu. Hivyo 200 kPa ni 29 PSI, 220 ni 32, na 240 ni karibu 35. Pima asubuhi tairi likiwa baridi. Upepo hupanda tairi likipata joto, na ukipima baada ya safari ndefu utadanganyika.

Wengine hupunguza upepo ili gari litulie kwenye mawe na matuta madogo madogo. Tairi lisilo na upepo wa kutosha hujikunja, hupata joto na linaweza kupasuka ukifika lami na kuongeza kasi. Hatari huongezeka gari likiwa limejaa.

Kati ya mifereji ya tairi kuna vituta vidogo vya mpira. Tairi likilika hadi kusawazika navyo, limebaki na milimita 1.6 tu, na halina tena uwezo wa kusukuma maji na tope pembeni. Lisiendelee kutumika.

Kabla ya kununua tairi, hasa la mtumba, tafuta tarakimu nne zilizo ndani ya kiduara ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lililoandikwa 3521 lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka wa 2021. Mpira huzeeka hata bila kutumika. Tairi la zaidi ya miaka sita likaguliwe kwa makini, na lililofika miaka kumi lisiendeshwe hata kama mifereji yake ni mizuri.

Miiba ya migunga haimwogopi mtu, kwa hiyo tairi la akiba lipimwe upepo pamoja na mengine. Kama la akiba ni lile jembamba, ni la kukufikisha kwa fundi tu, na kasi yako isizidi kilomita 80 kwa saa.

Breki na miteremko

Mkazi wa Ndabibi anayeelekea Nairobi hana budi kupita ukingo wa Bonde la Ufa. Barabara ya chini, ile ya Maai Mahiu, ilijengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kona zake ni kali na malori ni mengi. Upande wa pili wa kaunti, Salgaa na Sachangwan zinajulikana nchi nzima kwa ajali za mteremkoni, na malori kuteremka yakiwa gia huru kumetajwa mara nyingi miongoni mwa sababu.

Breki husimamisha gari kwa msuguano, na msuguano huzaa joto. Ukiteremka kilomita kadhaa mguu ukiwa juu ya breki, pedi hupata moto hadi zinapoteza uwezo wa kushika. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu kutoka hewani miaka ikipita. Unyevu huo ukichemka ndani ya mirija huwa mvuke, na mvuke hubonyea. Utakanyaga hadi sakafuni bila kupata kitu. Ndiyo maana mafuta ya breki hubadilishwa kila miaka miwili, hata kama kiwango hakijapungua.

Kanuni ya mteremko ni hii: shuka na gia ile ambayo ungeitumia kupanda. Kwa gari la otomatiki, sogeza mkono wa gia hadi 2, L, S au B, kulingana na gari lako. Injini itakushikilia, nawe utakanyaga breki kwa vipindi vifupi tu.

Kuweka gia huru ili kuokoa petroli ni kujidanganya. Katika magari ya kisasa yenye mfumo wa kupuliza mafuta, ukiteremka gari likiwa kwenye gia na mguu umeuondoa kwenye mafuta, injini hukatiwa petroli, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Ukiweka gia huru, injini hulazimika kuchoma petroli ili isizime. Kwa hiyo unatumia petroli zaidi, na papo hapo umejinyima breki ya injini.

Mpeleke fundi gari ukisikia mlio wa chuma kusagana, likivutwa upande mmoja ukikanyaga breki, pedeli ikiwa laini kama sponji au ikitetemeka. Breki zikikataa ukiwa safarini, kanyaga na kuachilia upesi mara kadhaa, teremsha gia moja moja, vuta handbreki taratibu, washa taa za hatari na uelekee upande wa mlima, si wa bonde.

Usijibane nyuma ya lori wala mbele yake kwenye mteremko na matuta. Usiku wa tarehe 10 Desemba 2016, eneo la Karai karibu na Naivasha, lori lililobeba kemikali inayoshika moto lilishindwa kusimama, likagonga magari yaliyokuwa mbele na kulipuka. Takriban watu 40 walikufa. Acha nafasi, na mahali palipo salama liache lori likupite.

Vumbi, tope na maji

Kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, gari hukata karibu mita 22 kila sekunde. Kabla mguu haujafika kwenye breki, sekunde moja hivi imekwisha. Kwenye lami kavu utahitaji mita 35 zaidi kusimama. Kwenye changarawe iliyolegea zinaweza kufika 60. Ndiyo sababu mwendo wa lami haupelekwi kwenye barabara ya vumbi.

Gari lililo mbele likitimua vumbi, usilipite usipoona. Rudi nyuma hadi vumbi litue, na uwashe taa mchana huo huo ili wengine wakuone.

Kwenye tope, ondoka kwa gia ya pili, ongeza mafuta polepole na uzungushe usukani kwa upole. Magurudumu yakianza kuzunguka bure, acha kukanyaga, kwani kila mzunguko unachimba shimo zaidi. Gari likiteleza, ondoa mguu kwenye mafuta na uelekeze usukani kule unakotaka kwenda. Kupiga breki ghafla ndiko kunakoligeuza gari.

Makorongo yetu hujaa ghafla, pengine bila tone la mvua kunyesha mahali ulipo, kwa sababu maji yametoka milima ya Mau na Eburru. Maji yanayotiririka yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kuanza kulielea gari dogo, na ya sentimita 60 hubeba magari mengi. Hata basi halina kinga: tarehe 4 Desemba 2021, basi lililokuwa limebeba wanakwaya lilisombwa katika Mto Enziu huko Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafa maji. Udongo wa jivu pia huliwa na maji kwa chini, na barabara inayoonekana nzima inaweza kuwa tupu ndani. Maji yakipita juu ya barabara, geuka au subiri. Korongo hushuka baada ya saa chache.

Watu na wanyama

Alfajiri na jioni, barabara ya Moi South Lake hujaa wafanyakazi wa mashamba ya maua, wengine kwa miguu, wengine kwa baiskeli na bodaboda. Mikokoteni ya punda haina taa. Punguza mwendo hata kama barabara inaonekana wazi, na kumbuka kwamba katika miji na vituo vya biashara kikomo ni kilomita 50 kwa saa.

Giza likiingia, pundamilia, twiga na nyati huvuka barabara, na viboko hutoka ziwani kula majani. Mnyama mmoja akivuka, tarajia wa pili. Usimpigie honi kiboko wala nyati aliye karibu. Simama mbali, shusha taa, umwache apite. Vioo vya taa vilivyofifia na kuwa vya manjano hupunguza sana mwanga; fundi anaweza kuving'arisha.

Waliopanda na kilichopakiwa

Mtu asiyefunga mkanda gari likigonga kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa huumia kama aliyeanguka kutoka ghorofa ya tatu. Aliyekaa nyuma bila mkanda hurushwa juu ya aliye mbele. Kwa hiyo mkanda ni wa kila mtu, na kiti kimoja ni cha mtu mmoja.

Mtoto mchanga asipakatwe kwenye kiti cha mbele. Katika ajali, mtoto wa kilo 10 huvutwa kwa nguvu ya mamia ya kilo, na hakuna mikono ya mzazi inayoweza kumshika. Akae nyuma, kwenye kiti chake cha mtoto kilichofungwa vizuri. Kiti kinachomtazamisha mtoto nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa. Na mtoto asiachwe peke yake ndani ya gari lililo juani, hata kwa dakika chache.

Gari la familia aina ya Probox au Noah hubeba mengi, lakini buti si mahali pa kukalisha watu. Gunia la viazi la kilo 50, mtungi wa gesi au mkebe wa maziwa usiofungwa hugeuka kombora breki zikipigwa. Weka vizito chini, vikigusana na mgongo wa kiti, uvifunge kwa kamba.

Gari likikwama

Lisogeze kando ya barabara iwezekanavyo, washa taa za hatari na uwashushe abiria wakae mbali na barabara. Simamisha pembetatu mbili za tahadhari, moja mbele na moja nyuma, angalau hatua 50 kutoka kwenye gari, na mbali zaidi kama kuna kona. Mawe na matawi si mbadala mzuri, maana mengi huachwa barabarani na kumuua mwingine usiku.

Ukibadilisha gurudumu, vuta handbreki, weka gia, na uzuie magurudumu mengine kwa mawe. Legeza nati kidogo kabla ya kuinua gari. Udongo wetu ni laini, kwa hiyo weka kipande cha ubao mgumu chini ya jeki. Usiingize mwili wala mguu chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Ukimaliza, ondoa mawe yako.

Kuwasha gari kwa betri ya gari jingine kuna utaratibu. Waya mwekundu uanze kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima. Mweusi uanze kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho ifungwe kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Betri hutoa gesi inayoshika moto, na cheche huruka pale unapounga waya wa mwisho.

Ukikuta lori la mafuta limepinduka, ondoka na uwaondoe wengine. Tarehe 31 Januari 2009 huko Sachangwan, zaidi ya watu 100 waliteketea wakichota petroli kutoka kwenye lori lililoanguka. Piga simu 999 au 112.

Kwa fundi, na baada ya fundi

Weka daftari ndani ya gari. Andika tarehe, kilomita na kazi iliyofanywa. Mwambie fundi akurudishie spea za zamani uzione, na udai risiti. Kwa pedi za breki, mipira ya breki na vyuma vya usukani, usinunue vya mtumba ili kuokoa shilingi chache.

Oili chafu isimwagwe shambani wala mtaroni. Ziwa Naivasha limo katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu ya Ramsar tangu 1995, na maji yetu huelekea huko. Ikusanye kwenye mtungi wenye kifuniko uipeleke kwenye gereji inayoikusanya. Usiache injini ikinguruma ndani ya banda lililofungwa, kwa maana moshi wake una sumu isiyo na harufu inayoua.

Hakikisha bima ya gari haijaisha. Sheria inataka angalau ile inayomlinda mtu wa tatu, yaani yule utakayemgonga.

Ratiba ya kubandika ukutani

Kila wiki: oili, maji ya rejeta, mafuta ya breki, upepo wa tairi pamoja na la akiba, taa.

Kila wiki mbili wakati wa kiangazi: chujio la hewa.

Kila kilomita 5,000, au kama oili yako inavyoelekeza: oili na chujio lake, ukaguzi wa pedi, bushi na vyuma vya usukani.

Kabla ya mvua za Aprili na za Oktoba: wipa, mifereji ya tairi, betri.

Kila miaka miwili: mafuta ya breki, na kulanti kulingana na kitabu cha gari.

Kabla ya kila safari ndefu: mikanda, pembetatu, jeki, spana ya nati, tochi na maji ya kunywa.

Ukiona barabara iliyomomonyoka, daraja lililobomoka au kalvati iliyoziba, toa taarifa kwa chifu au katika ofisi ya msimamizi wa wadi, ukitaja mahali hasa na alama iliyo karibu. Usingoje mwingine aseme. Anayefuata kupita hapo usiku huenda ni jirani yako anayempeleka mgonjwa.